Nasaba ya Herufi Nene Zilizoinama

Katika kitabu chetu tumezoea kusoma habari za safari, nasaba na harusi. Mimi leo nawaletea habari za herufi, maana nazo zina nasaba, na nyingine zimehama kama sisi.

Mnazijua zile herufi nene, pana, zilizoinama upande wa kulia, zisizo na vijiguu kwenye ncha zake. Huandikwa kwenye mabango. Iliyo bora kwa maoni yangu ni chapa iitwayo Antique Olive Nord, katika sura yake ya mlazo. Ilitoka Marseille, bandari waliyoijua wazee wetu wa mwambao, kwani meli za Messageries Maritimes zilikuwa zikitoka huko na kupita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam kwendea Madagascar. Neno Antique hapo lisiwapoteze: ndivyo wapiga chapa wa Kifaransa walivyoziita herufi zisizo na vijiguu. Olive ni jina la mwenye kiwanda.

Kiwanda hicho kilikuwa kikisubu herufi za risasi, nacho hakikuwa kikubwa. Mwaka wa 1957 kikabanwa pande mbili. Waswisi wa Haas walitoa chapa iliyokuja kuitwa Helvetica, na Deberny & Peignot wa Paris wakatoa Univers. Asiyekuwa na jibu angebaki bila wateja. Jibu la Olive lilitoka kwa Roger Excoffon, mzaliwa wa Marseille wa mwaka 1910. Yeye alianza na herufi nene na pana kupita kiasi, ndiyo hiyo Nord. Nyembamba za kusomea zikafuata katika miaka ya 1960. Alishikilia kwamba jicho huitambua herufi kwa nusu yake ya juu, jambo ambalo daktari wa macho Émile Javal alikuwa amekwisha kulieleza. Jaribuni wenyewe: funikeni kwa karatasi nusu ya chini ya mstari huu, mtausoma. Kisha funikeni nusu ya juu, mtahangaika.

Kuinama kuna asili ya mbali zaidi. Aldus Manutius wa Venice alizitumia herufi mlazo mwaka 1501 kuchapa kitabu kidogo cha Virgil. Mchongaji wake alikuwa Francesco Griffo. Zilikuwa nyembamba, za msomaji aliyetulia. Ajabu ni kwamba baada ya miaka 450 hivi zimenenepa zikawa mbiu ya mgambo! Sisi tulioanzia chuoni tukafundishwa kuipima khati kwa nukta za kalamu ya mwanzi twajua kuwa hata unene una hesabu yake, na Excoffon aliijua.

Maandishi ya shirika la ndege la Air France yalitokana na chapa hiyo. Lakini risasi ilikuwa imekwisha kushindwa na upigaji chapa wa picha. Mwaka 1978 Olive ikachukuliwa na Haas, mshindani wake yule yule, na Haas yenyewe ikafungwa mwaka 1989. Herufi zikahamia kwenye filamu, kisha kwenye kompyuta.

Vijana mnaotengeneza jalada, itumieni, ila kwa maneno mafupi. HARUSI litakaa vizuri. TUTAKAPOKUTANA lina herufi 14, na kwa chapa hii litatoka nje ya ukurasa.