Kura ya Siri na Kura ya Kelele

Neno kura, kabla halijaingia katika siasa, lilikuwa na kazi nyingine katika pwani yetu. Warithi waliposhindwa kuafikiana nani atwae shamba lenye kisima na nani atwae lile la minazi michanga, mzee wa kuaminika aliwapigia kura, yaani alitia vijiti au vikaratasi chomboni, kila mmoja akatoa chake, na fungu lililomwangukia likawa lake kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, pasi na wa kulaumiwa. Asili ya neno ni Kiarabu, na huko pia maana yake ni hiyo ya jambo linaloachiwa nasibu ili matakwa ya watu yasigombane. Ajabu ni kwamba tulipoletewa uchaguzi, ambao muradi wake ni kinyume cha nasibu, kwani mtu huulizwa kwa hiari yake amtaka nani, tulilitwaa neno lile lile. Na zimekuwako siku katika taarikhi ya Kenya ambazo maana ya kale ilisadifu kuliko hii mpya.

Nimeingiwa na fikra hizi kwa ajili ya mtu mmoja, Mwai Kibaki, ambaye aghalabu huandikwa habari zake kama mjuzi wa uchumi au kama rais wa tatu wa nchi, na kwa nadra kama alivyokuwa muda mrefu kupita yote hayo, yaani mbunge. Aliingia Bungeni mwaka 1963 na kutoka mwaka 2013, miaka hamsini isiyokatika; aligombea kiti mara kumi, na mara zote kumi akakipata. Hapana Mkenya mwingine aliyekaa Bungeni muda huo. Walakini si wingi wa miaka unaonivuta mimi, bali ni kwamba katika safari hiyo moja alipita katika kila namna ya uchaguzi ambayo nchi yake iliijaribu tangu uhuru, nzuri na mbaya, kiasi kwamba mwenye kutaka kujua Wakenya walivyopiga kura aweza kumfuata yeye tu, kituo kwa kituo.

Alizaliwa Gatuyaini, Othaya, katika wilaya ya Nyeri, tarehe 15 Novemba 1931, akasoma Mang'u, kisha Makerere, kisha London, na akarejea Makerere kufundisha uchumi. Wakati yeye yuko masomoni, mwezi wa Machi 1957, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wanane wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa mizani ya ajabu: mtu alipewa kura kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake, hata wengine wakawa na kura tatu ilhali jirani zao hawana hata moja, na Wakikuyu, Waembu na Wameru, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, walitakiwa kwanza waonyeshe cheti cha uaminifu kwa Serikali. Mwaka 1960 mwalimu huyu kijana aliacha kazi yake ya Makerere akaenda kuwa mtendaji wa chama kipya cha KANU, na mwezi wa Mei 1963, mizani ile ilipokuwa imekwisha tupwa na kila mtu mzima ana kura moja, watu wa jimbo la Doonholm, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, wakampeleka Bungeni kwa ishara ya jogoo.

Ushindi huo ulikuwa mwepesi. Wa pili haukuwa. Mwaka 1969 chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku, kikabaki KANU peke yake, na hivyo uchaguzi wa mchujo ndani ya chama ukawa ndio uchaguzi wenyewe. Mwenye kudhani kwamba chini ya chama kimoja watu hawakuwa na la kuchagua na atazame matokeo ya mwaka huo, kwani wabunge wengi, na mawaziri miongoni mwao, waliangushwa na wapiga kura waliochoka kuwangoja. Kibaki, aliyekwisha kuwa waziri, nusura awe mmoja wao: bibi mmoja shujaa, Jael Mbogo, alimkaribia mno, na hata leo wako wazee wa Nairobi ambao, ukiwatajia uchaguzi ule, hukutazama kwanza kabla ya kujibu. Uchaguzi uliofuata, wa mwaka 1974, ulimkuta amekwisha rudi kwao Othaya, na jimbo hilo hakuliacha tena mpaka alipostaafu. Sidhani kuna aibu katika kurudi huko. Lakini naona kwamba Bunge lilipoteza kitu, kwa kuwa mbunge wa mjini, ambaye watu wake hawamjui baba yake wala mbari yake, hulazimika kuwashawishi kwa hoja.

Hayo ni mintarafu ya kura alizopigiwa. Kura alizopiga yeye ni habari nyingine, na ngumu kuipata. Katika Bunge la Kenya, kama katika lile la Uingereza lililoigwa, hoja ikiisha kujadiliwa Spika huuliza walio upande wa kuafiki waseme ndiyo, na wasioafiki waseme la. Husikiliza, hupima kelele kwa sikio lake, kisha hutangaza upande ulioshinda. Hapana jina linaloandikwa. Ila mswada wa kugeuza Katiba ukifika, au wabunge wa kutosha wakisimama kutaka hesabu, kengele hulia, milango hufungwa, na hapo ndipo kila mtu huonekana yuko wapi. Kengele hiyo ilikuwa na hatari zake. Mwezi wa Juni 1975, Bunge lilipopiga kura kuikubali ripoti ya kamati iliyochunguza kuuawa kwa mbunge J. M. Kariuki, Serikali ilishindwa kwa tofauti ndogo, na Waziri Masinde Muliro pamoja na mawaziri wadogo John Keen na Peter Kibisu, waliokuwa wamepiga kura pamoja na wabunge wa kawaida, walifutwa kazi. Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha, hakuwamo katika hao watatu.

Kura yake nzito kuliko zote ilikuja miaka saba baadaye. Tarehe 9 Juni 1982 Waziri Charles Njonjo alileta mswada wa kuingiza katika Katiba kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kwa sheria, si kwa desturi tu kama ilivyokuwa tangu mwaka 1969. Na aliyesimama kuunga mkono ni Kibaki, Makamu wa Rais na kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Mjadala haukutimiza hata saa moja. Najua wako watakaosema kwamba Makamu wa Rais hakuwa na njia nyingine, nami siwabishii. Lakini mbunge huhesabiwa kwa aliyoyaunga mkono sawa na kwa aliyoyapinga, na jambo hili hutajwa kwa haraka mno na wamsifuo.

Kisha ukaja mwaka 1988, na mlolongo. KANU ilikuwa imeamua kwamba katika mchujo watu wasipige kura kwa karatasi, bali wajipange nyuma ya wakala aliyeshika picha ya mgombea, wahesabiwe juani. Na aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa amepita moja kwa moja, pasi na kurudi kwenye sanduku. Maaskofu na wachungaji walipinga tangu mwanzo, wakisema mtu hawezi kusimama wazi mbele ya mwajiri wake, chifu wake na mkopeshaji wake, kisha aambiwe amechagua kwa hiari. Waliyoyahofia yakatokea, na mengine zaidi, kwani ziko sehemu ambako mlolongo mfupi ulitangazwa kuwa mrefu huku waliokuwamo wakitazama kwa macho yao. Kibaki mwenyewe alipata msukosuko Othaya, na husimuliwa kwamba aliwaambia wasimamizi kuwa hata wizi wa kura wataka akili kidogo. Kiti alikipata, umakamu wa rais aliupoteza siku chache baadaye, akapewa Wizara ya Afya. Nami kila niutafakaripo mwaka ule huona jinsi mambo yalivyopinduliwa: mpiga kura, ambaye sheria za dunia nzima humstiri, aliwekwa uchi njiani, ilhali mbunge, ambaye ndiye wa kuonekana, alistiriwa na kelele za ndiyo.

Upepo ulipoanza kugeuka, Kibaki hakuwa wa kwanza kuuhisi. Mwaka 1991 alisema kwamba kutaka kuiondoa KANU ni kama kutaka kuuangusha mti wa mugumo kwa wembe, na Wakikuyu, ambao mugumo kwao ni mti wa ibada, walimfahamu vyema. Kifungu cha 2A kikafutwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, na siku ya Krismasi yeye akajiuzulu uwaziri, akaunda Chama cha Democratic. Alishika nafasi ya tatu katika kugombea urais mwaka 1992, ambapo Rais Moi alishinda kwa yapata asilimia 36 tu kwa kuwa wapinzani walikuwa wamegawana zilizobaki. Akashika ya pili mwaka 1997. Othaya ilimrudisha Bungeni mara zote mbili.

Mwaka 2002 kulikuwa na mabadiliko madogo ambayo nayaona makubwa: kura zilihesabiwa pale pale vituoni. Zamani masanduku yalisafirishwa usiku hadi makao ya jimbo, na njiani, kama ajuavyo kila aliyewahi kuyasindikiza, mengi huweza kutokea. Wapinzani waliungana, na mgombea wao, Kibaki, aliyeumia katika ajali ya gari tarehe 3 Desemba, aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 akiwa juu ya kiti cha magurudumu, kwa kura zaidi ya asilimia 60. Miaka mitatu baadaye aliwaletea wananchi rasimu ya Katiba, nao, kati ya ndizi ya ndiyo na chungwa la hapana, wakachagua chungwa. Akakubali matokeo.

Ndipo ikaja tarehe 30 Desemba 2007. Tume ya Uchaguzi ilitangaza kura 4,584,721 kwa Kibaki na 4,352,993 kwa mpinzani wake, Raila Odinga, naye akaapishwa jioni ile ile katika Ikulu, giza likiingia. Mwenyekiti wa Tume, Samuel Kivuitu, alisema siku chache baadaye kwamba hajui kama Kibaki ndiye aliyeshinda. Na jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini, aliyepewa kazi ya kuchunguza, aliandika kuwa hesabu zilichafuka hata haiwezekani kumjua mshindi. Watu zaidi ya elfu moja walikuwa wamekwisha kufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi. Wale warithi wa shamba na minazi, walau, walijua vijiti vyao vimetoka katika chombo kimoja.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilitenganisha urais na kiti cha Bunge, kwa hiyo Kibaki ndiye wa mwisho kuwa rais na mbunge kwa pamoja. Aliondoka mwaka 2013, akafariki tarehe 21 Aprili 2022, akazikwa Othaya. Majuzuu ya Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya miaka ile hamsini yamejaa hotuba zake, na zile za bajeti zingali na ladha kwa mwenye kupenda hesabu zilizoelezwa kwa utaratibu. Lakini mwenye kutafuta kura zake, mbali ya siku zile chache ambazo kengele ililia, atakuta mwishoni mwa mjadala baada ya mjadala maneno machache yale yale: hoja iliulizwa, ikakubaliwa.