Malale na Swali la Asiyejibu

Kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, ambako nchi ni wazi na yenye baridi, mbung'o hawastawi. Lakini ukiteremka hadi Kirando na Kipili, kandokando ya Ziwa Tanganyika, unaingia katika nchi ya miombo na katika historia ya malale.

Jina hilo limetokana na kulala. Vimelea vikifika ubongoni, mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, huchanganyikiwa, na asipotibiwa huzama katika usingizi wa mauti. Mwaka 1906 Robert Koch alianza kuwachoma wagonjwa wa visiwa vya Ssese, Uganda, sindano za atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka. Punde utawala wa Wajerumani ukafungua kambi za malale kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika pia. Vimelea vilihesabiwa, ridhaa ya mwenye damu haikuwa na uzito. Aliyekwisha kuzama usingizini, nani angemsemea?

Hoja yangu ni kwamba kutojibu si kutokuwapo. Kipimo cha kupoteza fahamu kilichotungwa Glasgow mwaka 1974, na kile cha Blantyre, Malawi, cha mwaka 1989 kwa watoto wenye malaria ya ubongo, hutazama macho, sauti na viungo. Vyote viwili hupima mwitikio. Fahamu yenyewe hubaki imefichika. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake walimwomba mwanamke aliyedhaniwa hana fahamu ajione akicheza tenisi. Ubongo wake ukaitika kama wa mtu mwenye afya. Mwaka 2024 utafiti wa nchi kadhaa ulichunguza wagonjwa 241 wasioonyesha dalili ya kutii maagizo: 60 kati yao, yaani mmoja katika kila wanne, walitii kwa ubongo.

Uchunguzi wa namna hiyo hautafika kesho katika wodi za Sumbawanga. Heshima haihitaji mashine. Mgonjwa na aitwe kwa jina lake kabla ya kuguswa. Ageuzwe asipate vidonda. Gharama na urithi visijadiliwe juu ya kitanda chake. Uamuzi mzito ukifika, daktari aketi na ndugu, aeleze anachojua na asichokijua, nao waseme mgonjwa mwenyewe angetaka nini. Kambi za malale hazikuuliza swali hilo. Sisi hatuna udhuru.