Mla-Majahazi wa Pwani ya Horohoro

Msafiri atokaye Tanga kwenda Mombasa kwa barabara hufika Horohoro baada ya kilomita 65 hivi. Hapo huvuka mpaka kwenda Lunga Lunga upande wa Kenya. Bahari haionekani pale. Lakini akiiacha barabara na kuelekea mashariki atafika Moa na Jasini, kwenye mikoko na hori za maji ya chumvi, na ng'ambo ya mpaka ni Vanga. Mpaka huo waliupatania Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba. Na Januari 1915 majeshi yao yalipigana Jasini siku mbili. Habari hizo zimekwisha andikwa na wengi. Mimi nataka kuandika habari za mkazi mmoja wa hori zile ambaye mpaka haukumhusu hata kidogo, na ambaye wanahistoria wetu hawamtaji ila kwa hasara aliyowatia wenye vyombo.

Mkazi huyo ni yule atobowaye mbao za jahazi. Mafundi niliozungumza nao Moa humwita mdudu tu, wala hawaoni haja ya jina jingine, maana kwao hapana mdudu mwingine mwenye uadui kama wake. Huingia katika ubao akiwa mtoto mdogo asiyeonekana kwa jicho, kwa tundu lisilozidi ncha ya sindano. Kisha hukua humo humo, akichimba mbele na kurefuka nyuma, mpaka ubao ambao nje ni mzima ndani huwa kama sega la nyuki. Umbo lake ni la mnyoo, lakini si mnyoo. Mwaka 1733, baada ya mdudu huyu kula magogo yaliyokinga kingo za bahari za Uholanzi na kuitia nchi ile hofu ya kugharikishwa, mtaalamu Sellius alionyesha kuwa ni jamaa ya chaza na kome. Kaka zake mbili ndogo amezichukua kichwani, naye huzitumia kama tupa ya kukerezea mti.

Wazee wetu hawakumsoma Sellius, lakini walimjua mdudu kwa mikono yao. Ndiyo maana kila chombo kilipandishwa pwani wakati wa bamvua, maji yakapwa kikabaki pakavu, kikakwanguliwa, kikapitishiwa moto wa makuti, kisha kikapakwa deheni chini ya mstari wa maji, yaani chokaa iliyopondwa na mafuta au shahamu. Na juu ya mstari huo kikapakwa sifa, mafuta ya papa. Mtu asomaye habari za biashara ya boriti za mikoko kati ya pwani hii na Arabuni husoma juu ya upepo wa kaskazi na kusi, juu ya bei na ushuru. Ni nadra kusoma juu ya deheni, na bila deheni hapana jahazi ambalo lingaliona kusi ya pili.

Sasa, mti ni chakula kibaya. Wanyama wengi hawawezi kuusaga ukawa sukari, na hata wakiweza, mti una naitrojeni chache mno ya kujengea mwili. Mdudu huyu aliishije basi? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1983, wakati Waterbury, Calloway na Ruth Turner wa Marekani walipofaulu kuotesha bakteria waliotoka ndani ya mwili wake. Bi Turner alikuwa bingwa wa Harvard ambaye mwaka 1966 alitoa kitabu kikubwa kilichoorodhesha jamii zote za watoboa mbao zilizojulikana duniani. Bakteria wale waliweza mambo mawili kwa pamoja: kuvunja selulosi ya mti, na kuikamata naitrojeni hewani. Bi Turner alifariki mwaka 2000, na miaka miwili baadaye bakteria yule alipewa jina rasmi la kumkumbuka, Teredinibacter turnerae.

Jambo la ajabu ni mahali wakaapo. Mtu angedhani watakaa tumboni, penye unga wa mti. Hawakai huko. Wamo katika matamvua, viungo vya kupumulia, ndani ya chembe hai zenyewe za mwenyeji wao. Na mwaka 2014 ilibainishwa kuwa vimeng'enya vyao husafirishwa kutoka matamvua hadi tumboni. Tumbo lenyewe, lililojaa sukari ambayo kijidudu chochote kingeitamani, karibu halina bakteria. Ni nani anayewafukuza wezi? Wataalamu wengine hudhani kuwa ni sumu itengenezwayo na wapangaji wale wale wa matamvua, nami naona dhana hiyo ina nguvu, ingawa uthibitisho wake haujakamilika.

Hapa yanipasa nirudi nyuma kidogo. Viuavijasumu tulivyovizoea asili yake ni nchi kavu: penisilini kutoka kuvu ambayo Fleming aliigundua mwaka 1928, streptomaisini kutoka bakteria wa udongoni mwaka 1943. Bahari ilibaki nyuma, ingawa si kwa kukosa dalili. Mwaka 1945 Brotzu aliipata katika maji ya pwani ya Cagliari, penye mfereji wa uchafu, kuvu iliyozaa dawa za jamii ya sefalosporini. Mwaka 1951 Bergmann na Feeney walieleza kemikali ngeni za sifongo wa Florida, ambazo ziliwaonyesha wengine njia ya kutengeneza dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969. Tangu hapo watu walikimbilia kuwakusanya wanyama wa baharini, na sifa zote wakapewa wanyama.

Sifa hizo mara nyingi zilikwenda kwa asiyestahili. Konokono wa bahari wa Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi, alitoa kemikali kali ya kupigana na saratani. Mwaka 2001 ikaonekana kwa bakteria wa majini wa jamii ambayo konokono yule huila. Mwaka 1989 Gil-Turnes, Hay na Fenical walionyesha kuwa mayai ya kamba fulani hayaliwi na kuvu kwa sababu yamefunikwa na bakteria watoao kinga. Bakteria wakioshwa, mayai hufa. Mwenyeji alisifiwa kwa mali ya mgeni wake.

Mtoboa mbao naye ni vivyo hivyo. Mpangilio wa jeni za bakteria wake ulipochapishwa mwaka 2009, ulikutwa umejaa maelekezo ya kutengeneza kemikali za kujihami. Mwaka 2013 zilitajwa mbili, za aina ya tatroloni, ziuazo bakteria wa maradhi. Nazo zilionekana ndani ya mdudu mwenyewe, si katika chupa za maabara tu. Mwaka 2021 ilitangazwa nyingine, iuayo Acinetobacter aliyekwisha kuwa sugu kwa kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba ya mwisho. Sehemu kubwa ya kazi hizi imefanywa na Wamarekani wakishirikiana na wataalamu wa Ufilipino, ambako watu humla mdudu huyu mbichi kwa siki na kumwita tamilok. (Nilipowaeleza mafundi wa Moa jambo hili, walicheka sana.)

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la mwaka 2020. Katika mwaka huo ilichapishwa habari kuwa tatroloni huua pia, katika maabara, vimelea vya jamii moja kubwa, na mmoja wao ni Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria. Msomaji wa Tanga anajua maana yake. Milimani kwa Usambara iko Amani, na chini yake Muheza, mahali palipochunguza malaria kwa vizazi kadhaa. Na ni kutoka Mkuzi, karibu na Muheza, kwamba mwaka 1954 Clyde na Shute walitangaza kuwa kimelea kimeshinda pirimethamini, dawa iliyokuwa mpya wakati ule. Klorokwini nayo ilichakaa, Tanzania Bara ikaiacha mwaka 2001 na kushika SP, ambayo ndani yake mna pirimethamini ile ile. Haikudumu miaka mingi, nayo ikapisha dawa mseto. Katika mkoa huu kuchakaa kwa dawa si habari ya vitabuni. Tatroloni bado si dawa, na kemikali nyingi zifanyazo maajabu katika chupa hazifiki mdomoni mwa mgonjwa. Hata hivyo, wajuao ni mti gani mdudu huupenda, na ni hori gani ana wingi, ni mafundi hawa, na boti za plastiki zinawaondolea kazi mwaka hata mwaka.

Siku ya mwisho mzee mmoja alinipasulia taruma la mchu lililotolewa katika jahazi bovu. Mdudu alikuwamo, mweupe, mrefu kama kiganja, angali hai ndani ya mfereji wake uliopakwa chokaa. Nikamweleza mzee yote niliyoyaandika hapa, hata ya malaria. Akamtazama kitambo.

"Sasa mwalimu," akauliza, "chombo changu nikipake deheni au nisikipake?"

Nikamwambia akipake.