Usiku wa Ntiro na Pori la Kwetu

Mwaka 1956 Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora kwa rangi za mafuta wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ilichukuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Mwaka uliofuata mchoraji mwenyewe akawa balozi wetu London, jambo lisilowapata wachoraji wengi.

Wakristo tumezoea kusoma rangi kama katekisimu: nyeupe ni usafi, nyeusi ni dhambi. Tukiitazama picha ya Ntiro hivyo, tutaona giza, pombe na mila, tutahukumu na kupita. Lakini usiku ule ni wa furaha. Watu wamebeba zawadi. Nao wachungaji wa Bethlehemu walipata habari usiku, na Nikodemo alimjia Yesu usiku. Kabla ya kuliita giza uovu, tuulize kwanza nani anatembea ndani yake na amebeba nini.

Hapa Nyangamara swali hilo si la wachoraji tu. Upande wetu huu wa Lindi, mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Nyangao ilichomwa moto na Sista Walburga Diepolder, mtawa wa Kibenediktini, akauawa. Kwa watu wa misheni, pori lilikuwa mahali alipotokea adui. Kisha majeshi ya Wajerumani yakachoma vijiji na vyakula, njaa ikaingia, na kwa wanakijiji pori hilohilo likawa maficho na ghala; watu waliishi kwa mizizi ya porini. Miti ni ileile. Anayeichora kwa kijani kizito, je, anachora hofu au wokovu? Sisi tunaona rangi peke yake haiwezi kujibu, na mahubiri yanayoliita pori makao ya shetani yamesahau nusu ya habari.

Kijana wetu akitaka kuchora mandhari ya hapa, asikimbilie machweo mekundu juu ya mikorosho. Hayo wageni watayapenda bila kuuliza kitu. Amchore mama anayetoka porini jioni, jembe begani, kapu la ming'oko kichwani, nyuma yake giza. Mgeni ataona huzuni. Bibi zetu wataona chakula cha usiku.