Kumhifadhi Mnyama, Kuyahifadhi Makao Yake

Mwaka 1906, bustani ya wanyama ya Bronx jijini New York ilimweka Ota Benga, kijana Mmbuti kutoka Kongo, katika nyumba ya nyani, na umati ukamiminika kumtazama. Mwaka 2000, bustani hiyohiyo ilipokea vyura 499 kutoka Tanzania, ikawa miongoni mwa zilizowanusuru wasifutike duniani. Shirika linaloiendesha liliomba radhi hadharani mwaka 2020 kwa aliyotendewa Ota Benga. Kila anayetaka kuzipima bustani hizi kwa haki hana budi kuyaweka matukio haya mawili kwenye mizani moja. Mimi napenda kuzipima kando ya mila nyingine ya uhifadhi iliyo karibu nasi zaidi, ile ya misitu ya kaya.

Kaya ni misitu ya Wamijikenda katika pwani ya Kenya, iliyozunguka vijiji vya mababu vyenye ngome. Watu walipohamia kwingine, misitu ilibaki kuwa mahali pa maziko na matambiko. Kukata mti humo ni mwiko, na wazee wa kaya ndio walinzi wa mwiko huo. Hapakuwa na orodha ya spishi wala daftari la vizazi. Kilicholindwa ni mahali penyewe, na kwa kulindwa mahali, kima, ndege, vipepeo na miti adimu vyote vikapata pa kuishi. Mwaka 2008 UNESCO iliitia baadhi ya misitu ya kaya katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Bustani ya wanyama ilianzia upande wa pili. Ile ya London, iliyofunguliwa mwaka 1828, ilikusudiwa tangu mwanzo kuwa mahali pa wanasayansi kuwachunguza wanyama. Mnyama alitolewa kwao, akawekwa mbele ya macho ya mtafiti, akapimwa, akachorwa, na alipokufa akapasuliwa. Elimu iliyopatikana ni ya mwili wake: anakula nini, anaugua nini, anazaaje.

Elimu hiyo ndiyo iliyohitajika kwenye Mto Kihansi, nchini Tanzania. Katika korongo la mto huo, kwenye milima ya Udzungwa, aliishi chura wa manjano asiyezidi sentimita 3, katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa saa zote na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai majini kama vyura wengi; huzaa watoto waliokwisha kukamilika, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati mradi wa bwawa la umeme umeshaanza. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia maji yalitandazwa korongoni, na kwa muda vyura wakaongezeka tena, kisha wakaporomoka ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukaonekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Kule Marekani nako, wengi kati ya wale 499 walikufa, mpaka waliobaki wakawa mikononi mwa bustani mbili, Bronx na Toledo. Watunzaji wakajifunza hatua kwa hatua: usafi wa maji, aina ya mwanga, ukubwa wa wadudu wa kulishwa, minyoo ya mapafu. Vyura wakazaana. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2012 vyura wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni. Hakuna mwiko wa wazee ambao ungeweza kutenda kazi hiyo. Lakini pia hakuna bustani inayoweza kutengeneza maporomoko. Mpaka leo chura yule anategemea mabomba yaendelee kunyunyiza.

Oman inatufundisha upande uliobaki. Choroa wa Uarabuni alimalizwa na bunduki. Wa mwisho porini aliuawa mwaka 1972 huko Jiddat al-Harasis. Ila miaka kumi kabla ya hapo, wachache walikuwa wamekamatwa, na kundi la choroa tisa likakusanywa katika bustani ya Phoenix, kwenye jangwa la Arizona. Uzao wa kundi hilo ulirudi Oman, ukazoeshwa kwanza ndani ya uzio, na mwaka 1982 ukaachiwa huru. Waliopewa kazi ya kuwalinda ni Waharasis, wafugaji wa jangwa lile, wajuao kusoma nyayo mchangani. Hapo elimu ya bustani na elimu ya wenyeji zilishikana mikono, na choroa wakafikia mamia. Kisha majangili wakarudi kuwakamata ili kuwauza, na Oman ikapunguza eneo la hifadhi kwa asilimia 90. Mwaka 2007 UNESCO ikaifuta hifadhi hiyo katika orodha yake, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea.

Kaya nazo zina udhaifu wake. Mwiko huishi katika heshima ya watu. Ardhi ya pwani ilipopanda bei na sauti ya wazee ikafifia, mashoka na hatimiliki viliingia msituni, mpaka serikali ikalazimika kuanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa. Mila pekee haikutosha, kama sayansi pekee isivyotosha.

Hukumu yangu ni hii: bustani ya wanyama inastahili heshima pale inapomtunza mnyama kwa nia ya kumrudisha kwao, na inapogawana elimu yake na watu wa huko. Inayoishia kuonyesha tu haijaachana na mwaka 1906. Sisi tulio jirani na makao ya wanyama hao tuna wajibu mzito zaidi. Kabla bwawa halijajengwa na kiwanja hakijauzwa, tuulize ni nani anaishi pale, na tuwasikilize mtafiti na mzee wa kaya katika kikao kimoja. Kuulinda msitu ungali umesimama ni rahisi kuliko kuurudisha uhai uliokwisha kufukuzwa.