Tupige Picha Pale Walipopigia Wazee Wetu

Kila msimu wa likizo unapokaribia, jamaa zetu wa Maskati, Dubai, London na kwingineko huulizana swali moja: tukifika Unguja, tupige picha wapi? Majibu yamezoeleka: machweo ya Forodhani, milango ya nakshi, majahazi ya Malindi. Siyakatai, kwani uzuri wa mji ule hauna ubishi. Lakini kwa mtu ambaye wazee wake waliondoka pale na sanduku moja la nguo, naona mahali bora ni pale pale ilipopigwa picha kongwe iliyosalia katika ukoo. Simama aliposimama mpigaji wa kwanza, elekeza kamera alikoielekeza yeye, kisha uziweke picha mbili pamoja. Tofauti zilizomo baina yao ndiyo historia yenyewe.

Unguja iliijua kamera mapema kuliko miji mingi ya pwani. Katika karne ya 19 Wagoa walikuwa wamekwisha kufungua studio mjini, na jina la A. C. Gomes bado linaonekana kwenye picha na postikadi nyingi za enzi hiyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio, ambayo ilipiga picha za Sultani na za raia wa kawaida vilevile. Kwa hiyo, kabla ya safari, igeuze picha ya bibi yako na utazame mgongoni. Muhuri wa studio utakuelekeza mtaa na zama kabla hata hujaitambua sura.

Tuanzie Forodhani, maana ndiko wengi waliposimama. Upande ule wa bahari unaweza kusomwa kama kalenda. Beit al-Ajaib ilijengwa na Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883. Katika picha za mwanzo, mnara unasimama peke yake mbele ya jumba, na jirani yake iko Beit al-Hukm. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliupiga mji mizinga kwa muda usiofika saa moja, na takribani watu 500 wa upande wa Seyyid Khalid bin Barghash waliuawa au kujeruhiwa. Beit al-Hukm ikabomoka, na mnara ukaharibika. Baadaye mnara wa saa ukajengwa upya, safari hii ukiwa umeungana na uso wa Beit al-Ajaib. Basi ukiona mnara uliojitenga, jua picha ni ya kabla ya vita hivyo; ukiuona umeshikana na jumba, ni ya baada yake.

Dalili nyingine zipo baharini. Merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa siku ile ile, na milingoti yake ilibaki ikichomoza juu ya maji mpaka mabaki yalipoondolewa mwaka 1912. Picha yenye milingoti hiyo, basi, iko kati ya miaka hiyo miwili. Ukiona reli karibu na Ngome Kongwe, umefika zama za treni ya Bububu, iliyoanza mwaka 1905. Na ukiona bustani iliyopangika mbele ya majumba, umefika miaka ya jubilei ya Seyyid Khalifa bin Haroub ya mwaka 1936.

Picha utakayoipiga leo nayo itakuwa na alama yake. Siku ya 25 Desemba 2020, kazi za ukarabati zikiwa zinaendelea, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki. Wajukuu wetu watakapoitazama picha yako, pengo lile litawaambia mwaka kama milingoti inavyotuambia sisi. Nenda alasiri, jua likiwa upande wa bahari, maana hapo ndipo kuta zile hupata mwanga wa mbele. Asubuhi nuru hutoka nyuma ya majumba na uso wao hubaki kivulini.

Kutoka Forodhani ingia vichochoroni kutafuta milango. Wageni huupiga mlango mzima, misumari yake ya shaba ikimeta. Sisi tusogee karibu zaidi, tupige kizingiti cha juu. Milango ya mtindo wa zamani wa Kiarabu ina kizingiti kilichonyooka. Ile yenye tao juu huonyesha athari ya mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Juu ya baadhi yake zimechongwa aya na mwaka wa Hijria. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882, na kwa kipimo hicho unaweza kuikadiria miaka mingine ya jirani. Mwaka uliochongwa kwenye mti haubabaiki kama masimulizi yetu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo baadhi yetu hawapendi kulisikia. Nyumba nyingi ambazo wazee wetu waliziita “kwetu” zilitwaliwa baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na leo zina wenyeji wengine, baadhi yao wamezaliwa humo humo. Usimame barazani, upige hodi, usalimu, ujitambulishe kwa jina la ukoo na la mtaa, kisha uombe. Aliyemo ndani si mlinzi wa makumbusho yetu. Akikukaribisha, mpige picha naye akiridhia, umwachie nakala. Akikataa, mlango wa nje unatosha. Adabu hiyo hiyo ni ya lazima kwa akina mama wapitao njiani na kwa watu waingiao msikitini.

Kisha usiondoke mjini bila kufika Mkunazini. Pale ambapo leo pana Kanisa Kuu la Anglikana palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba baina ya Seyyid Barghash na Uingereza. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na masuria walisubiri hadi 1909. Nimewasikia jamaa wakisema mahali pale si petu, ni pa wenye kilio chao. Mimi naona ni petu mara mbili. Ni petu kwa waliouza na kununua, na ni petu kwa waliouzwa, kwa kuwa kwa sheria mtoto wa suria alikuwa huru na aliingia katika ukoo wa baba yake. Shajara zetu huandika majina ya akina baba, vizazi saba au zaidi, na kuwanyamazia wale mama. Anayepiga jumba la Sultani akaliruka Mkunazini amejipigia nusu ya nasaba yake.

Mwisho ufike Mtoni, kaskazini ya mji, kwenye magofu ya kasri alimozaliwa Bi Salme binti Said mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi. Bi Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, na picha yake inayojulikana zaidi, amevaa mavazi ya Kiarabu ya kwao, ilipigwa Hamburg. Mhajiri wa Ujerumani alijivika nchi aliyoiacha, akaikabili kamera. Wengi wetu tuna picha za namna hiyo, zilizopigwa ugenini kwenye studio yenye pazia la mandhari ya kuchora. Nazo zinastahili kuwekwa kando ya picha utakazorudi nazo.

Ukisharudi, usiziache zikalala kwenye simu. Andika kwa kila picha mtaa, tarehe, upande uliosimama, na majina yote ya waliomo, wakiwemo wale waliosimama pembeni wakishika mtoto au sinia. Kisha mkalishe mzee wa nyumba, umwonyeshe ya zamani na mpya pamoja, na uyaandike atakayoyasema siku hiyo hiyo. Picha inaweza kungoja. Mzee hangoji.