Kemia ya Usambara: Kutoka Amani Hadi Bango la Kongamano



Mwaka huu, Jumamosi moja, wanachama watano wa tawi la Dar es Salaam tuliacha shughuli zetu tukaenda kumsikiliza binti wa kwetu. Anasoma mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza ya kemia, na siku hiyo alikuwa anawasilisha utafiti wake katika kongamano la kanda la wanafunzi wa vyuo. Tulimkuta amesimama kando ya bango lake, amevaa koti jeupe ambalo mikono yake ilikuwa mirefu kidogo. Utafiti ulihusu magome ya mti ambao bibi zetu huuchemsha mtu akishikwa na homa. Tutarudi kwake. Kwanza tukumbushane kwamba kemia si mgeni milimani kwetu, ingawa wengi tuliokulia huko hatukuambiwa hivyo.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe pale Amani, Usambara Mashariki. Ilikuwa na mashamba ya majaribio, maktaba na maabara, na miti ililetwa kutoka pembe nyingi za dunia. Mmojawapo ulikuwa mkwinini, ambao asili yake ni milima ya Amerika Kusini. Gome lake ndilo lenye kwinini, dawa ya malaria ambayo wakemia wawili wa Paris, Pelletier na Caventou, waliitenganisha mwaka 1820.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani na dawa kutoka Ulaya zikawa adimu. Hapo maabara ya Amani ikageuka kiwanda. Ilitoa kwinini kutoka kwenye magome ya miti yetu, pamoja na sabuni, chokoleti na hata pombe kali. Mwaka 1916 Waingereza waliichukua Usambara. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipokuwa likirudi kusini lilichemsha magome na kunywa maji yake machungu. Mtu yeyote aliyewahi kunyweshwa dawa ya mizizi na bibi yake anaweza kukisia nyuso zao zilivyokuwa.

Baada ya vita vya pili utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na kazi ya malaria, ambayo leo iko chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Majina ya wakurugenzi wa Kijerumani na Kiingereza yamo vitabuni. Waliobandua magome, waliobeba kuni za kuchemshia, waliosafisha vyupa, hao walikuwa babu zetu. Hata ua letu dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu, ambalo leo linauzwa kwenye vyungu madukani Ulaya na Marekani, lilipewa mwaka 1893 jina la kitaalamu la bwana mmoja Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya Tanga. Walau Wajerumani wenyewe katika lugha yao hulitaja kwa jina la Usambara.

Sasa twende Magamba, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya pale. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Siku moja nafasi zilikuwa zinaisha. Mwenzake aliweka maziwa bila hata kuyachemsha. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, aliyaingiza ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu walifungua wakakuta ya Mpemba yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye wauza aiskrimu wa Tanga mjini walimwambia kwamba wao huweka ya moto kila siku, kwa kuwa huganda upesi. Akaenda kidato cha tano Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na huko akataniwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo ya dunia nzima. Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kutoa mhadhara, Mpemba alisimama mbele ya wote: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wenzake walicheka.

Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akamwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi alikuja kusema kwamba kweli maji ya moto yametangulia, ila asiwe na wasiwasi, atarudia mpaka apate jibu sahihi. Kisa hiki kimetuchekesha mara nyingi, hasa sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama, maana tunawajua watu wanaorekebisha mizania mpaka ifanane na walichotaka. Lakini majaribio yaliyofuata yalitoa jambo lile lile, na mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka.

Wakemia nao hawakulisahau swali lake. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la maelezo bora ya jambo hilo. Majibu zaidi ya 22,000 yalikuja kutoka duniani kote. Mshindi alikuwa mkemia kijana wa Zagreb, Nikola Bregović, na mzee Mpemba alialikwa London kumtangaza. Mpaka leo wataalamu hawajakubaliana. Wapo waliopima upya miaka ya karibuni wakasema hawalioni kabisa. Sisi hatuoni aibu yoyote katika hilo. Swali lililozaliwa kwenye friji ya shule ya Magamba limewaweka maprofesa mezani zaidi ya miaka 50.

Nchi zetu pia zilijijengea mahali pa kuulizana. Mwaka 1984 ulianzishwa mtandao wa NAPRECA, unaowakutanisha watafiti wa kemia ya mimea na viumbe asili wa Afrika Mashariki na ya Kati, na makongamano yake yamefanyika katika miji kama Antananarivo, Kampala na Nairobi. Dar es Salaam, Profesa Mayunga Nkunya na wenzake walitumia miaka mingi wakichunguza mimea ya jamii ya misofu na mitopetope, wakitafuta viini vya kupambana na malaria. Mti ule ule unaompa mtoto wa kwetu tunda la kula njiani kutoka shule ulikuwa unasomwa maabara.

Hii ndiyo njia aliyoifuata binti yetu. Alianika magome kivulini, akayasaga, akayaloweka siku tatu kwenye methanoli, akachuja na kukausha mpaka ikabaki kitu kama lami. Kisha akakitenganisha kwa kromatografia. Unadondosha tone kwenye bamba, unasimamisha bamba kwenye kimiminika, nacho kinapopanda kinabeba kila kiambato mpaka kimo chake. Kwetu sisi ilifanana na kuona kila muamala ukienda kwenye safu yake. Hakudai kwamba amepata dawa. Alisema ameona viambato visivyopungua vitano, na kwamba kimojawapo kinastahili kuchunguzwa zaidi.

Profesa mmoja mwenye mvi, mgeni kutoka nchi jirani, alimuuliza amerudia mara ngapi. Akajibu: mara tatu, na ya tatu ilitofautiana, iko kwenye jedwali, tafadhali angalia safu ya mwisho. Profesa alivaa miwani, akainama, akasoma, kisha wakaanza kubishana kuhusu unyevu wa magome ya msimu wa vuli. Hakuna aliyecheka.

Tukiwa tunakunywa chai tulimpongeza kwa ushupavu wake. Akatuambia, “Shikamooni baba zangu, ila nisiwafiche. Bureti niliishika mara ya kwanza chuoni. Muhula wa kwanza nilivunja mbili, nikalia.” Shule ya sekondari ya kata yetu ndiyo iliyomlea. Jaribio la kupima asidi na besi alilijua kwa kuchorewa ubaoni, na rangi ya kiashiria aliiona kwa chaki.

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba jengo la maabara tulilijenga wenyewe, baada ya agizo la serikali kwamba kila sekondari iwe na maabara tatu. Tulichanga saruji, mabati na siku za kazi. Likaezekwa, likapakwa rangi, likazinduliwa. Halafu likawa stoo ya madawati mabovu na magunia ya mahindi ya chakula cha wanafunzi. Sehemu ya lawama ni yetu: tuliandika “maabara imekamilika” kwenye kijitabu hiki hiki tulipokuwa tumekamilisha kuta tu.

Safari hii tumeandika bei ya kila kitu kwenye ukurasa wa nyuma, kuanzia bureti, pipeti na bika hadi mizani, majiko ya gesi, kabati la kemikali lenye kufuli na meza zisizoungua kwa asidi. Kila aliyechangia ataona mchango wake umenunua nini, na stakabadhi zitabandikwa kwenye ubao wa shule. Mwalimu wa kemia yupo, alihamishiwa kwetu Januari. Madawati yameshatolewa na mahindi yamehamishiwa kwenye ghala. Kilichobaki kabla ya vifaa kupandishwa mlimani ni maji. Fundi amepima kutoka kwenye tangi la zahanati hadi kwenye sinki la maabara, na anahitaji mita 180 za bomba.